Safu ya Lugha: Ruhusa na Idhini

Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, na wengi huyatumia kama pacha. Mimi nayatenganisha. Ruhusa humfungulia mtu njia ya kutenda. Idhini hulipa tendo lake uzito wa mamlaka. Mwanafunzi huomba ruhusa ya kutoka darasani, lakini bajeti huidhinishwa na Bunge.

WordPress, programu ya kujengea tovuti iliyotoka mwaka 2003, inaionyesha tofauti hii waziwazi. Mchangiaji ana ruhusa ya kuandika na kurekebisha rasimu zake, ila hawezi kuzichapisha; zinasubiri idhini ya mhariri. Mwandishi, ngazi moja juu, huchapisha kazi zake mwenyewe. Mhariri hugusa za wote. Msimamizi ndiye huongeza watumiaji na kuwafuta.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona ofisi ndogo ikimpa kila mtu usimamizi, eti kwa kuaminiana. Nywila ya mmoja ikiibiwa, mwizi ameipata tovuti nzima. Anayeandika habari za michezo hahitaji uwezo wa kufuta akaunti za wenzake. Apewe uandishi, na siku akiacha kazi, aondolewe siku hiyohiyo.