Kabla Hujabadilisha Salensa za Harley ya Safari Ndefu, Soma Hapa Kwanza

Muulize mwenye Harley-Davidson alibadilisha nini kwanza baada ya kuinunua. Wengi watakujibu: ekzosi. Pikipiki inatoka kiwandani imetulia, mwenyewe anataka isikike. Hakuna ubaya hapo.

Shida ni kwamba Harley za familia ya Touring, yaani Road King, Street Glide, Electra Glide na ndugu zake, si pikipiki za kuzungukia mtaani. Mtu anakaa juu yake saa sita, saa nane, mwenzake kapanda nyuma, mizigo iko pembeni. Mlio uliompendeza dukani kwa dakika mbili ndio huo huo atakaosafiri nao kilomita 600.

Kwa hiyo usianze na swali la ipi inanguruma zaidi. Jiulize ipi utaivumilia mpaka ufike.

Unabadilisha nini hasa?

Kuna kazi mbili hapa, na watu huzichanganya sana.

Ya kwanza ni kubadilisha salensa peke yake, yale mapipa mawili marefu ya nyuma, moja kulia na moja kushoto. Mabomba yanayotoka kwenye injini unayaacha kama yalivyo. Hii ni kazi ya mchana mmoja, na mtu anayejua kushika spana anaweza kuifanya nyumbani.

Ya pili ni kubadilisha mfumo mzima kuanzia kwenye injini. Hapo unagusa gasketi za silinda, sensa za oksijeni na, kwa matoleo mengi ya kuanzia 2010, katalisti iliyomo ndani ya mabomba ya mbele. Katalisti ndiyo inayopunguza sumu kwenye moshi. Pia inapata moto sana, ndiyo maana waendeshaji wengi hulalamika mguu wa kulia unaungua kwenye foleni.

Sasa sikiliza: ukibadilisha salensa tu, katalisti ya namna hiyo inabaki palepale. Ukiambiwa salensa mpya zitaondoa joto la mguuni, mwulize muuzaji kwa njia gani.

Na nguvu je? Salensa peke yake huongeza kidogo mno. Kinachobadilika kwa kweli ni mlio na uzito. Anayetaka nguvu ya maana hubadilisha pia kichujio cha hewa na kurekebisha programu ya mafuta, na hapo bajeti inapanda.

Kazi yenyewe

Acha injini ipoe kabisa. Si dakika kumi, masaa. Toa mabegi magumu ya pembeni: fungua, zungusha vile vishikio viwili vya ndani, nyanyua. Baada ya hapo salensa yote unaiona.

Kila salensa imeshikwa sehemu mbili. Mbele kuna klempu inayoibana kwenye bomba. Nyuma kuna bolti zinazoishika kwenye bano lililo chini ya begi. Uwe na spana za inchi, maana Harley bado inazitumia sehemu nyingi, na spana ya milimita inayokaribia saizi ndiyo inayokula kichwa cha bolti.

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye klempu, subiri, legeza. Toa bolti za nyuma huku mkono mmoja umeshika salensa, isije ikaning'inia na kupinda bomba. Kisha izungushe kushoto na kulia huku ukivuta. Kama imegoma, usipige nyundo. Ongeza mafuta, kanywe chai, rudi tena.

Klempu ya zamani usiirudishe. Ikishabanwa mara moja inajikunja kufuata umbo la bomba lile, na ukiitumia tena moshi unavuja. Nunua mpya mbili kabla hujaanza kufungua chochote.

Kufunga ni kinyume chake, lakini mpangilio wa kukaza ndio watu wanaukosea. Ingiza salensa mpaka mwisho, weka bolti zote kwa vidole tu, rudisha mabegi kwa muda uangalie kama kuna nafasi kati ya begi na salensa. Ukiridhika, ndipo ukaze klempu, halafu bano la nyuma, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Ukianza kukaza nyuma, salensa inabaki imejivuta upande, na baada ya safari ndefu utakuta bano limepasuka.

Kama unafunga mfumo mzima, kuna jambo jingine: silikoni ya kuzuia uvujaji ambayo haikuandikwa kuwa ni salama kwa sensa usiipake. Mvuke wake unaua sensa za oksijeni.

Kabla ya kuwasha, futa kromu yote kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole yakipata moto yanaganda, na alama ya dole gumba utaishi nayo miaka.

Washa, acha ipate joto, pitisha mkono karibu na maungio bila kugusa. Ukihisi pumzi ya moto inapuliza pembeni, kunavuja. Ikishapoa, kaza tena. Ukiona masizi meusi kwenye kiungo baada ya siku chache, ni dalili hiyo hiyo.

Kompyuta ya injini itasemaje?

Touring za kuanzia 2007 zina sensa za oksijeni zinazoiambia kompyuta moshi ukoje. Ukienda mwendo wa kawaida, kompyuta inarekebisha mafuta yenyewe, kwa hiyo salensa mpya peke yake mara nyingi hazisumbui. Ukifungua gesi yote, kompyuta inaacha kuzisikiliza sensa na kufuata jedwali lililowekwa kiwandani. Jedwali hilo halijui kama umebadilisha kitu.

Ndiyo maana ukibadilisha mfumo mzima na kichujio cha hewa bila kugusa programu, injini inaweza kwenda na mafuta kidogo kuliko inavyohitaji na kuchemka zaidi. Dalili moja ni ule mlio wa pa-pa-pa ukiachia gesi. Lakini usikimbilie kwenye programu kabla hujakagua maungio, kwa sababu hewa inayoingia kwenye klempu iliyolegea hutoa mlio huo huo.

Masikio yako kwanza

Injini ya Harley ina silinda mbili zilizopishana nyuzi 45, na milipuko yake haipishani sawasawa. Huo ndio mlio wa kudunda unaopendwa. Ukiwa gia ya sita, mizunguko 2,500 kwa dakika, inalipuka karibu mara 42 kwa sekunde. Ni mvumo mzito, wa chini, usiokatika. Salensa iliyo wazi mno inaukuza, na baada ya saa tatu kichwa kinauma hata kama hukuona kelele kubwa mwanzoni.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa nane kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unagawanywa kwa mbili. Desibeli 94 ni saa moja tu. Upepo ndani ya helmeti kwenye barabara kuu unaweza kuvuka hapo wenyewe, kabla hujahesabu ekzosi. Vizibo vya masikio ni bei ya soda, vaa.

Sheria haikusahau

Marekani, pikipiki kubwa mpya zinapaswa kutozidi desibeli 80 kwenye kipimo cha EPA, kikomo kilichoanza na pikipiki za 1986. Salensa halali ina chapa ya EPA. California inadai chapa hiyo kwa pikipiki na ekzosi zilizotengenezwa kuanzia 2013, na jiji la Denver lilianza kuidai 2007. Salensa iliyoandikwa ni ya mashindano tu haina ruhusa ya barabarani, hata muuzaji acheke vipi.

Programu nazo zimewahi kuleta kesi. Agosti 2016, Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 baada ya EPA kudai iliuza vifaa karibu 340,000 vya kubadilisha mipangilio ya injini vilivyoongeza uchafu kwenye moshi. Kampuni ilisema ilikuwa na tafsiri tofauti ya sheria, lakini vifaa hivyo ikaacha kuviuza.

Huku kwetu, Kenya ina kanuni za kelele za 2009 chini ya NEMA, na Tanzania ina zake za 2015 chini ya NEMC. Anayelala karibu na kijiwe cha bodaboda zilizotobolewa salensa anajua kwa nini zipo.

Zile za zamani usizitupe

Salensa ulizotoa zifunge kwenye gunia kavu, na bolti zake kwenye mfuko mmoja, uziweke stoo. Ukipelekwa kwenye ukaguzi, ukitaka kuuza, au mwenzako wa nyuma akichoka na mvumo katikati ya mwaka, utazihitaji. Na ukinunua Harley iliyotumika, muulize mwenye nayo kama za kiwandani bado anazo. Kama hana, punguza bei.