Johnes Obungoloch

Johnes Obungoloch ni mhandisi wa vifaa tiba na mtafiti kutoka Uganda. Ni mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu mashine za MRI zenye uga dhaifu wa sumaku, yaani mashine ndogo na za gharama nafuu ambazo zinaweza kuundwa, kutumiwa na kutengenezwa zikiharibika katika nchi zenye kipato kidogo. Lengo la kwanza la utafiti huo lilikuwa kuwasaidia watoto wachanga wenye hidrosefalasi, ugonjwa ambao nchini Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la "kichwa kikubwa".

Mwaka 2023 Obungoloch na wenzake kutoka Uganda, Uholanzi na Marekani walichapisha taarifa ya jinsi mashine ya namna hiyo ilivyoundwa Uganda kwenyewe, kuanzia kupokea vipuri hadi kupata picha ya kwanza, kwa muda wa siku 11 hivi.

Chimbuko la utafiti

Ndani ya ubongo mna vyumba vyenye ugiligili unaotengenezwa na kufyonzwa kila siku. Njia ya ugiligili huo ikiziba, vyumba hupanuka na kuukandamiza ubongo. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana bado, kwa hiyo kichwa huongezeka ukubwa kuliko kawaida. Mtoto asipotibiwa mapema anaweza kupoteza uwezo wa kuona, kuchelewa kukua kiakili, au kufa. Katika Afrika kusini ya Sahara, watoto wanaopata ugonjwa huu kila mwaka hukadiriwa kuwa zaidi ya 100,000.

Uganda imekuwa kituo muhimu cha utafiti wa ugonjwa huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipofunguliwa hospitali ya watoto ya CURE katika mji wa Mbale. Daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, aliyefanya kazi huko, alionyesha mwaka 2005 kwamba sehemu kubwa ya watoto aliowatibu, takriban asilimia 60, walipata hidrosefalasi baada ya maambukizi, mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa maisha.

Tiba iliyozoeleka ni kuweka mrija wa kutoa ugiligili kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Mrija huo unaweza kuziba wakati wowote, na kwa familia inayoishi mbali na hospitali kuziba huko ni hatari ya kifo. Warf alieneza njia nyingine: kutoboa kwa kutumia kamera ndogo tundu la kupitishia ugiligili ndani ya ubongo, na kuchoma baadhi ya tishu zinazoutengeneza. Utafiti uliofanywa Mbale kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 haukuonyesha tofauti kubwa ya matokeo kati ya njia hizo mbili baada ya miezi 12.

Kwa njia zote mbili daktari anahitaji kuona ndani ya kichwa kabla ya upasuaji na baada yake. Ultrasaundi hufaa mradi utosi haujafunga. Kipimo cha CT hutoa picha nzuri, lakini hutumia mionzi ya eksirei, na mtoto mwenye hidrosefalasi huweza kuhitaji picha mara nyingi katika miaka yake ya kwanza, wakati ubongo wake ungali unakua. MRI haitumii mionzi hiyo. Kikwazo chake ni bei na mahitaji yake. Hapo ndipo kazi ya Obungoloch inapoanzia.

MRI inavyofanya kazi

MRI hutegemea maji na mafuta yaliyomo mwilini, kwa kuwa vyote vina hidrojeni. Kiini cha atomu ya hidrojeni ni protoni moja, nayo hutenda kama sumaku ndogo sana. Protoni zikiwekwa ndani ya uga wa sumaku, idadi yake ndogo ya ziada huelekea upande wa uga huo. Zikipigwa na wimbi la redio lenye masafa yanayolingana nazo, hupokea nishati, kisha huirudisha kama ishara hafifu ya redio. Ishara hiyo hunaswa na koili na kubadilishwa na kompyuta kuwa picha.

Masafa hayo hutegemea nguvu ya sumaku: takriban megahezi 42.6 kwa kila tesla 1. Kama uga wa sumaku utafanywa kuwa na nguvu tofauti kidogo kutoka mahali hadi mahali, protoni za kila mahali zitaitika kwa masafa yake, na kwa njia hiyo kompyuta hujua ishara imetoka wapi. Wazo hilo lilichapishwa na Paul Lauterbur mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003.

Mashine nyingi za hospitali zina uga wa tesla 1.5 au 3. Nguvu hiyo hupatikana kwa koili zinazopoozwa kwa heliamu ya kimiminika, karibu na kiwango cha baridi cha chini kabisa kinachowezekana. Mashine huhitaji chumba maalumu kilichozibwa dhidi ya mawimbi ya redio ya nje, umeme wa uhakika na mafundi waliobobea. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na upoozaji ukasimama, heliamu huanza kuchemka na kupotea, na kuirudisha ni gharama kubwa. Kwa sababu hiyo mashine nyingi za aina hiyo katika Afrika Mashariki zipo katika miji mikubwa. Mzazi anayeishi Tabata au Temeke anaweza kufika Muhimbili kwa daladala, ambako Taasisi ya Mifupa hutibu pia watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mzazi wa wilaya ya mbali husafiri siku nzima au zaidi akiwa na mtoto mgonjwa.

Masomo na mashine ya kwanza

Obungoloch alisomea shahada ya uzamivu ya uhandisi wa tiba katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Huko alifanya kazi na Steven Schiff, daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto aliyekuwa akishirikiana na hospitali ya Mbale.

Hoja yao ilianza na swali la tiba kabla ya swali la mashine. Daktari anayepanga upasuaji wa hidrosefalasi anahitaji kutofautisha ubongo na ugiligili. Hahitaji kuona kila undani wa tishu ya ubongo. Ikiwa ni hivyo, picha isiyo kali sana inaweza kutosha, na mashine inayotoa picha ya namna hiyo inaweza kuwa rahisi zaidi.

Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2018. Mashine yao ilitumia njia ya kuzipanga protoni kwanza. Katika njia hiyo uga wenye nguvu kiasi huwashwa kwa muda mfupi ili kuongeza ishara, kisha huzimwa, na ishara husomwa katika uga ulio dhaifu zaidi. Ishara ilisomwa kwa masafa ya kilohezi 113, ambayo ni sawa na uga usiofika militesla 3, yaani chini ya sehemu moja ya mia tano ya nguvu ya mashine ya tesla 1.5.

Mashine hiyo ilijaribiwa katika chumba cha kawaida kisicho na kinga ya mawimbi. Ilipata picha za vitu vya majaribio, si za wagonjwa, ambazo kila nukta yake ilikuwa na upana wa milimita 3 kwa 3. Ubainifu huo ni mdogo ukilinganishwa na wa hospitali kubwa. Hata hivyo, kazi hiyo ilionyesha kwamba mashine rahisi inaweza kutoa picha hata pale ambapo uga wake wa sumaku haulingani vizuri kila mahali.

Mashine ya Mbarara

Hatua iliyofuata ilitumia sumaku za kudumu badala ya koili za umeme. Watafiti wa Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakiwemo Andrew Webb, Thomas O'Reilly na Wouter Teeuwisse, walikuwa wameunda mashine ya militesla 50 hivi kwa mpangilio wa Halbach. Mpangilio huu una jina la mwanafizikia Klaus Halbach. Sumaku ndogo nyingi hupangwa katika duara, kila moja ikielekezwa kwa pembe yake, ili nguvu zake zijumlishwe ndani ya duara na karibu zifutane nje yake. Uga wa sumaku wenyewe hauhitaji umeme wala heliamu.

Obungoloch ndiye mwandishi wa kwanza wa taarifa ya mwaka 2023 kuhusu kuundwa kwa mashine hiyo Uganda. Vipuri vyote pamoja na zana vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Kazi ilifuata hatua hizi:

1. Kupima na kuchambua sumaku moja moja, kwa kuwa hazilingani nguvu kabisa.
2. Kujaza sumaku katika kila pete.
3. Kuunganisha pete 23 na kurekebisha nafasi kati yake ili uga uwe sawa zaidi katikati.
4. Kutengeneza koili zinazobadilisha nguvu ya uga kutoka mahali hadi mahali, na kuzifunga ndani ya sumaku.
5. Kuunda toroli ya alumini ya kubebea mashine.
6. Kuijaribu mashine nzima kwa spektromita ya chanzo huria, yaani ambayo michoro na programu zake ziko wazi kwa kila mtu.

Kazi ilifanywa na wakufunzi wanne pamoja na watu sita ambao hawakuwa na mafunzo ya awali ya kazi hiyo. Waandishi walieleza kwamba uundaji wa aina hii hujenga ujuzi na ajira, hupunguza gharama, na hurahisisha matengenezo, kwa sababu aliyeifunga mashine kwa mikono yake anajua pa kuanzia inapoharibika. Jambo hilo lina uzito katika nchi ambazo vifaa tiba vingi hukaa bila kutumika kwa kukosa fundi au kipuri.

Mwaka huohuo Webb na Obungoloch waliandika kwa pamoja katika jarida la Nature makala yenye kupendekeza hatua tano za kufanya mashine za MRI zipatikane kwa gharama nafuu zaidi duniani.

Faida na mipaka ya uga dhaifu

Mashine ya uga dhaifu ni nyepesi, haina kelele nyingi, huweza kusukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa, na hatari ya kuvuta vitu vya chuma ni ndogo zaidi.

Mipaka yake nayo ni halisi. Uga ukipungua, ishara hupungua pia, kwa hiyo upimaji hurudiwa mara nyingi na wastani wake kuchukuliwa, jambo linaloongeza muda. Mtoto akitikisika picha huharibika. Sumaku za kudumu hubadilika nguvu kidogo joto linapopanda au kushuka. Mawimbi ya redio ya nje huingilia ishara ikiwa hakuna kinga. Pia, picha isiyo kali haiwezi kuonyesha kila ugonjwa, hivyo mashine hizi hazichukui nafasi ya zile za tesla 1.5 katika kila kazi.

Suala jingine ni matumizi ya programu za kompyuta kung'arisha picha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Joshua Harper, Schiff na wenzao uliwapa madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto picha zilizopunguzwa ubora. Ilionekana kwamba picha ambazo kwa kawaida zingekataliwa zinaweza kufaa katika kupanga tiba ya hidrosefalasi. Lakini utafiti huohuo ulionya kwamba programu za kung'arisha zinaweza kuchora umbo lisilokuwemo kichwani mwa mtoto. Picha hafifu lakini ya kweli inaweza kuwa salama kuliko picha nzuri yenye kosa.

Tazama pia

Hidrosefalasi
Sumaku
Protoni
Mbarara
Mbale