Waziri Bila Wizara: Kisa cha A. B. Patel wa Mombasa

Ukivunjika mguu leo hapa kisiwani, si ajabu usikie mtu akisema, "Mpelekeni Pandya." Twalijua hilo kama jina la hospitali, bas. Kumbe Pandya alikuwa mtu. J. B. Pandya alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, mwenye gazeti la Kenya Daily Mail, na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, yaani bunge la enzi za mkoloni. Alifariki 1942, na miaka mitano baadaye hospitali ikafunguliwa kwa ukumbusho wake.

Waswahili tuna msemo: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Ndivyo tulivyo mpaka leo. Kiatu twavaa, lakini Baniani mwenyewe hatumjui.

Sasa leo simzungumzii Pandya. Namzungumzia mwenzake, ambaye hata hospitali yenye jina lake hatuna. Ambalal B. Patel, wakili wa Mombasa, aliingia bunge lile 1938 na akatoka 1956. Miaka kumi na minane. Na mwaka 1954, miaka tisa kabla ya uhuru, akawa waziri katika serikali ya Kenya.

Waziri wa nini? Hapo ndipo utamu ulipo. Waziri wa hakuna kitu. Cheo chake rasmi kilikuwa waziri asiye na wizara maalumu.

Kabla hujacheka, turudi nyuma kidogo.

Wahindi walianza kudai viti mapema sana. Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri kutoka Karachi aliyejenga biashara yake hapahapa Mombasa wakati reli inajengwa, ndiye mtu wa kwanza asiye Mzungu kuteuliwa kwenye Baraza, lililofunguliwa 1907. Mtu mmoja, kati ya Wazungu watupu. Hebu jiulize angepiga kura ngapi akashinda.

Mwaka 1921 Wahindi walikuwa karibu 23,000 nchini. Wazungu hawakufika 10,000. Wahindi wakasema: basi tupige kura katika orodha moja, kila mtu na sifa zake, bila kuangalia rangi. London ikajibu 1923. Wazungu viti 11, Wahindi viti 5, Waarabu kiti 1. Na Waafrika, ambao ndio wengi na ndio wenye nchi? Wakapewa mmisionari Mzungu awasemee. Waraka wenyewe, ona ajabu, ulitangaza kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo yanayotangulia mengine yote. Yatangulie vipi na mwenyewe hayuko ndani?

Wahindi walikasirika. Januari 1924, mkutano wao mkuu wa Afrika Mashariki ulifanyika hapahapa Mombasa, na aliyeuongoza ni Sarojini Naidu, mwanamke, mshairi, mwenzake Gandhi. Mwaka uliofuata akawa rais wa chama cha Congress kule India, na baada ya uhuru wa India akawa gavana wa jimbo. Yaani mwanasiasa mkubwa namna hiyo alivuka bahari kuja kupigania viti vya watu wa kisiwa hiki. Wahindi wakavisusia viti vile kwa miaka kadhaa. Mwisho wakaingia. Ukisusa, wenzio wala.

Huo ndio mlango aliopitia Patel. Hakuingia kwenye mfumo wa haki; aliingia kwenye hesabu iliyokwisha kupigwa ili ashindwe.

Twende sasa 1954. Vita vya Mau Mau vimepamba moto, hali ya hatari imetangazwa tangu Oktoba 1952. Waziri wa makoloni, Oliver Lyttelton, aja na katiba mpya: serikali itakuwa na mawaziri wa rangi zote. Wazungu watatu, Waasia wawili, Mwafrika mmoja. Mwafrika ni B. A. Ohanga. Waasia ni Ibrahim Nathoo, aliyepewa wizara ya ujenzi, na Patel wetu, asiyepewa wizara yoyote.

Utaniambia: si kitu, pengine ndivyo vyeo vilivyokuwa. Sawa. Lakini kulikuwa na waziri mwingine mwenye cheo kilekile cha kutokuwa na wizara, mlowezi Michael Blundell. Na Blundell alikaa kwenye Baraza la Vita, meza ya watu wanne iliyoendesha nchi hasa: gavana, naibu wake, jenerali wa jeshi, na yeye. Patel hakuwemo. Jina la cheo ni moja, nguvu si moja.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Mtu aweza kukupa kiti, akakupa gari na itifaki, na funguo akabaki nazo mfukoni.

Na mwaka uleule, Wahindi wengine walikuwa wakilipa bei nyingine. Makhan Singh, mpiganiaji wa wafanyakazi, alikuwa kizuizini tangu 1950 na hakutoka mpaka 1961. Pio Gama Pinto alikamatwa Juni 1954, miezi michache tu baada ya Patel kuapishwa, akapelekwa kizuizini kisiwani Manda, kule Lamu. Pwani hiihii. Mmoja mezani, mwingine nyuma ya seng'enge.

Je, Patel alikuwa kibaraka? Kuna watakaosema hivyo, na siwalaumu. Kukaa katika serikali iliyokuwa ikijaza watu makambini si jambo dogo, na haliwezi kufutwa kwa kusema eti alikuwa mpole. Mimi nasema hivi: alikuwa mtu wa kujadiliana katika wakati ambao majadiliano yalikuwa yamefungwa. Alichoweza kukijenga kwa mkono mdogo aliopewa, alikijenga. Alikuwa miongoni mwa viongozi waliosukuma mradi wa chuo cha kumkumbuka Gandhi. Mradi ule ukaunganishwa na Royal Technical College ya Nairobi, na leo chuo hicho ndicho Chuo Kikuu cha Nairobi. Mara nyingine kiatu, na Baniani hatumjui.

Halafu akafanya kitu ambacho wanasiasa wetu hawakijui: akaondoka. Mwaka 1956 aliacha uwaziri, akaacha ubunge, akaenda Pondicherry, India, kuishi kwenye ashram ya Sri Aurobindo. Mwaka uliofuata, Machi 1957, Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, na Pwani ikamtoa Ronald Ngala. Linganisha na Sharif Nassir, mzee wa wapende wasipende, aliyeingia bungeni 1974 na akang'olewa na wapiga kura 2002.

Mwaka 2017 serikali ilitangaza Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44. Vizuri. Lakini kabila la 44 kwenye karatasi ni nini, kama hatujui hata majina ya watu waliokaa kwenye meza zetu?

Na hili si la Wahindi peke yao. Kila msimu wa siasa, kijana mmoja wa mtaani huitwa, apewe cheo, apigwe picha, na sisi tushangilie kwamba "vijana tuko ndani". Kabla hujashangilia, uliza maswali mawili. Funguo za wizara anazo nani? Na meza ya watu wanne, yeye yumo?

Kama hayumo, mpongeze kwa adabu, kisha uendelee kudai. Patel alisubiri miaka kumi na sita bungeni mpaka kupewa kiti cha uwaziri. Wizara hakuipata.