Uwezekano: Neno Moja, Maswali Mawili

Yapo maneno ambayo historia yake huleta ugomvi, na uwezekano ni mojawapo. Hapa Tinde, penye njia panda ya Shinyanga, Nzega na Kahama, hupita wachimbaji wadogo waendao kwenye dhahabu. Mabishano yao nimeyasikia kwa miaka mingi. Mmoja husema, "Uwezekano wa duara lile kutoa mali ni mdogo." Mwenzake hujibu, "Mbona Williamson alipata?" Hapo ndipo sauti hupanda, na wakati mwingine ng'ombe wa ukoo huuzwa.

Ni kweli, John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliipata almasi ya Mwadui mwaka 1940 baada ya kuhangaika kwa miaka. Lakini habari hiyo hujibu swali moja tu: je, jambo hili laweza kutokea? Swali la pili hailigusi: katika wachimbao mia, wangapi hupata? Waliotoka mikono mitupu hawakuacha mgodi wa kutajwa.

Tusiwalaumu wabishi kabla ya kulichunguza neno. Uwezekano latokana na weza, kwa njia ya wezekana. Kwa asili lataja kisichoshindikana, bila kipimo. Wanahisabati wakalitwisha mzigo wa pili: kiasi cha kutarajia, kati ya 0 na 1. Maana hiyo ya pili hufundishwa sekondari, tena kwa Kiingereza. Enzi zangu za ualimu ilikuwa mada ya kidato cha nne. Basi aliyeishia darasa la saba huenda analo neno kwa maana ya kwanza, na aliyesonga mbele analo kwa maana ya pili. Wote wasema Kiswahili fasaha, ila hawasemi jambo moja.

Ulaya nayo ilipitia hayo. Probabilis ya Kilatini ilikuwa sifa ya rai yenye kukubalika, haikuwa hesabu. Hesabu ilishika kasi mwaka 1654, Pascal na Fermat wa Ufaransa walipoandikiana barua kuhusu mchezo wa kamari uliokatizwa: fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki?

Nasi tunalo neno la swali hilo. Nasibu, katika Kiarabu lilikotoka, ni fungu, sehemu imwangukiayo mtu. Pascal na Fermat walikuwa wakitafuta nasibu ya kila mchezaji. Bahati, lenye asili ya Kiajemi, huegemea majaliwa, nayo majaliwa hayahesabiki. Sisi tumeyafunga pamoja, bahati nasibu, tukayaachia wauza tiketi.

Sidai istilahi mpya. Nawaomba watunzi na walimu wa lugha wayatenge maswali haya: yawezekana kwa la kwanza, mara ngapi katika mia kwa la pili. Mbishi akishataja anajibu lipi, nusu ya ugomvi imekwisha, na nusu iliyobaki ndiyo yenye kustahili kujadiliwa.