Maji ya Bure ya Sayyid Barghash

Ukisoma vitabu vya watalii kuhusu Unguja, Sayyid Barghash bin Said utamkuta kwenye ukurasa wa Beit al-Ajaib. Alijenga jumba lile mwaka 1883, likawa refu kuliko yote mjini, na picha yake ndiyo inayouzwa kwenye kadi hadi leo. Sawa, jumba lilikuwa la ajabu kweli. Ila mimi nikiulizwa Barghash aliuachia nini mji wa Zanzibar, jibu langu limefukiwa chini ya ardhi: ni mabomba yaliyotoa maji kwenye chemchem za upande wa Bububu, kiasi cha kilomita kumi kaskazini, yakayafikisha mjini. Maji hayo aliyatoa bure.

Hadithi ya maji hayo nataka tuisome taratibu, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo miji yetu yote inalikwepa. Kama maji ni ya bure, nani kalipa?

Tuanze na mji wenyewe kabla ya bomba. Mji Mkongwe ulikaa juu ya rasi ya mawe ya matumbawe. Huku bahari, kule bahari, na mgongoni Pwani Ndogo, mkono wa bahari uliojaa na kupwa na kuutenga mji na upande wa pili, ndiyo maana upande huo ukaitwa Ng'ambo. Ardhi ya matumbawe ina matundu kama sifongo. Kisima kikichimbwa hapa na shimo la choo likichimbwa pale, baada ya muda vinasalimiana. Visima vingine vilikuwa na chumvi. Mwenye uwezo alichotewa maji na watumwa wake au alinunua kwa wachukuzi, mtungi kwa mtungi. Asiye na uwezo alikunywa alichokipata.

Na maji mazuri yalikuwepo, si mbali. Salme binti Said, dada yake Barghash, yule aliyekuja kuitwa Emily Ruete, anaeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi alivyokulia kwenye jumba la Mtoni, ambapo kijito kilipita na mabwawa ya kuogea yalijaa maji. Yaani wa ndani ya kasri walioga maji ya mto, na mtu wa Malindi au Funguni hesabu yake ni kisima. Tofauti hiyo ikumbuke, maana itaturudia tukifika Ng'ambo.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia. Kiliendelea hadi 1870 na kikaua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini wakati huo, aliandika baadaye kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1876, kufuatilia jinsi ugonjwa ule ulivyosafiri na njia za biashara, na misafara na majahazi. Barghash alikalia kiti Oktoba 1870, mji ukiwa bado na majonzi. Aprili 1872 kikapiga kimbunga kikubwa, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mtu mwingine angesema hazina haina kitu, tusubiri.

Barghash hakusubiri sana. Kabla ya kutawala alikuwa ameishi Bombay, alikopelekwa uhamishoni baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859. Bombay ya miaka ile ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kunywa maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar. Huenda wazo alilitoa huko. Alipopata nafasi alileta mabomba, na kwenye uhai wa utawala wake maji ya chemchem yakafika mjini. Hata hamamu ya umma, ile ambayo mtaa wake unaitwa Hamamni mpaka kesho, ni ya enzi yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini sasa turudi kwenye swali. Nani alilipa?

Ililipa forodha. Pembe za ndovu kutoka bara, karafuu kutoka mashambani, sandarusi na vitambaa, vyote vilikatwa ushuru. Nyuma ya ushuru huo kulikuwa na mgongo wa mtu. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa siku hiyo, na mikarafuu iliendelea kuchumwa na watu wasiolipwa. Kwa hiyo mtu wa mjini aliyefungua mfereji bila kutoa hata pesa moja alikuwa anakunywa jasho la mtu wa shamba. Maji yalikuwa bure kwa mnywaji. Bili ilikwenda kwingine.

Hilo halimpunguzii Barghash sifa ya bomba. Linatufundisha kitu kimoja tu, kwamba kila maji ya bure yana mlipaji, na ni vyema tumjue jina lake.

Waingereza walipoitangaza Zanzibar kuwa himaya yao mwaka 1890, hazina ya Sultani ikaingia mikononi mwao, na mji ukaanza kupangwa kwa macho mengine. Pwani Ndogo ikafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Sehemu ya kusini ikawa viwanja vya Mnazi Mmoja. Leo tunapaona Mnazi Mmoja kama mahali pa mpira na hewa safi, na ni kweli. Lakini wapangaji wa kikoloni walipenda uwazi ule kwa sababu nyingine pia: uliwatenga wakazi wa mawe na wakazi wa makuti, kwa kisingizio cha afya. Wazungu walikuwa na golfu yao, kriketi yao na tenisi yao. Vijana wa Ng'ambo nao walijitafutia nafasi ya kucheza kandanda hapohapo, wakageuza uwanja wa kutenganisha ukawa uwanja wa kukutana. Hiyo ndiyo tabia ya kiwanja cha umma. Mwenye mamlaka anaweza kukichora kwa nia yake, ila watu wakishaingia wanakipa maana yao.

Bustani ya Victoria kule Vuga, ambayo sasa ni Bustani ya Jamhuri, ina historia kama hiyo. Kwanza ilikuwa ya Barghash, kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Sultani Hamoud akaitoa kwa watu wote. Bustani ya watu wachache ikawa ya umma kwa sababu kuna mtu aliamua. Tusisahau kwamba inaweza kurudi kuwa ya wachache kwa njia hiyohiyo.

Ng'ambo je? Mwaka 1923 Henry Lanchester, mpangaji miji Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi India, alitoa mpango wa kwanza wa mji. Mwaka 1958 ukaja mwingine wa Henry Kendall. Katika fikra rasmi za ukoloni, Ng'ambo ilihesabiwa kama vibanda vya muda, ingawa ndiko walikoishi watu wengi. Mfereji wa mtaani, foleni, ndoo kichwani, hayo ndiyo yalikuwa maisha ya wengi wao. Na ardhi waliyojengea ilikuwa ya wenyewe, nyingine ya wakfu. Wenye ardhi walipoanza kudai kodi ya kiwanja na kuipandisha, watu wa Ng'ambo walikataa. Mgomo wa kodi wa mwaka 1928 ulitikisa mji. Ni mwaka uleule ambao Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyehamia mjini, alikwenda Bombay kurekodi santuri zake. Shaaban Robert ametuandikia wasifu wa Siti, na wengi wetu tumeusoma shuleni kama habari ya sauti na kipaji. Usome tena ukiwa na ramani ya mji mkononi. Ni habari ya mji pia.

Vivyo hivyo Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin anapokimbia ndoa ya Mji Mkongwe na kuishia kwa Mwajuma huko Ng'ambo, anavuka mpaka uliochorwa na watawala, na upande wa pili anakuta maisha: jirani, baraza, muziki, mlango usiofungwa. Hapo ndipo ninapocheka kidogo nikisikia wataalamu wa leo wakitufundisha "mji unaokua kwa busara", mji wa kutembea kwa miguu, duka karibu, msikiti karibu, shule karibu, watu wa kipato tofauti mtaa mmoja. Hebu njoo Kisiwandui au Kikwajuni, sheikh. Watu walikuwa wanaishi hivyo kabla ya neno hilo kubuniwa. Walichokosa ni bomba, mtaro na hati.

Yakaja Mapinduzi ya 1964. Serikali ya Mzee Karume iliahidi kuufuta mpaka ule, na ilianza kwa vitendo. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walitengeneza mpango mkuu mwaka 1968, na maghorofa ya Michenzani yakapanda katikati ya Ng'ambo. Nyumba nyingi zilibomolewa ili yasimame, na majirani wakatawanyika. Lakini kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inasema kwamba mtu wa Ng'ambo naye anastahili mfereji ndani ya nyumba. Na maji yakawa bure kwa wote, kwa miongo kadhaa.

Safari hii nani alilipa? Mwanzoni karafuu tena. Bei ya karafuu iliposhuka duniani, mlipaji akatoweka, na bomba likaanza kuzeeka bila mtu wa kuliangalia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na bomba linalovuja halina tofauti. Tangu mwaka 1978 kipindupindu kimerudi visiwani mara kadhaa. Mwaka 2006 sheria mpya ya maji ilitungwa, Mamlaka ya Maji Zanzibar ikaundwa, na habari ya kulipia maji ikaanza. Watu walinung'unika, na nawaelewa. Maji ni neema ya Mungu, iweje niletewe ankara? Jibu langu ni kwamba maji ni neema, ila bomba ni chuma, pampu inakula umeme, na fundi ana watoto. Maji ya bure yasiyofika yana gharama yake: ni mama anayenunua madumu kwa bei ambayo mwenye mfereji hawezi kuiamini. Maskini ndiye anayelipa ghali zaidi kwa mfumo uliokosa fedha.

Sasa tazama hesabu za sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 wakawa 893,169. Ongezeko la nusu nzima ndani ya miaka kumi, na karibu nusu ya Wazanzibari wote wanaishi humo. Mji unatanuka kuelekea mashamba, nyumba moja moja, kila mtu na ukuta wake na shimo lake la choo. Na Unguja haina mto mkubwa wa kutegemea. Maji yetu ni ya chini ya ardhi, yanajazwa na mvua inayopenya udongoni. Ukifunika udongo kwa saruji, mvua haipenyi, inakimbia barabarani, ndiyo yale mafuriko ya Mwanakwerekwe tunayoyajua. Kwa hiyo ukiruhusu kila shamba ligeuzwe viwanja vya kujenga, unaziba kisima chako mwenyewe kwa juu.

Ndiyo maana mambo matatu haya kwangu ni jambo moja: fedha za maji, viwanja vya wazi, na namna mji unavyokua. Miaka michache iliyopita idara ya mipango miji ilifanya kazi nzuri iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, ikakaa na wakazi kuitazama Ng'ambo kama kitovu cha mji, yenye urithi wake. Wazo ni kujenga kwa kushikana ndani ya mji uliopo, kwenye mabomba yaliyopo, badala ya kukimbilia pembezoni na kuyaburuta mabomba nyuma yetu. Wazo hilo linahitaji fungu la fedha, na linahitaji sheria inayosema kiwanja cha watoto hakiuzwi, hata atakayekuja akija na mchoro wa hoteli.

Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na kila jioni ukipita utaona mji mzima umekaa pale, tajiri na maskini, wanakula urojo. Beit al-Ajaib, kwa upande wake, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi wawili wakafa. Majengo hayo mawili yametazamana. Moja lilipata matengenezo kwa wakati, jingine yalilifikia yakiwa yamechelewa.

Mimi ningependa tulipe. Kidogo kwa anayetumia kidogo, kingi kwa hoteli yenye bwawa la kuogelea, na hesabu zibandikwe wazi ili kila mtu ajue shilingi yake imezibia tundu lipi. Bajeti ikisomwa mwaka huu, wengi tutasikiliza miradi mipya. Wewe sikiliza fungu la matengenezo ya mabomba, kisha uulize ni kiasi gani, na kinatoka mfukoni mwa nani.