Barabara ikikatika kwa mafuriko, pesa za kuirekebisha hutoka wapi?

Novemba 2023 nilikuwa ndani ya basi la Lamu lililofika Minjila likasimama. Mto Tana ulikuwa umefurika na kuifunika barabara kule Gamba na Lango la Simba. Dereva alizima injini, utingo akateremka kutafuta habari, na sisi abiria tukabaki kubahatisha. Mama mmoja, mtoto mgonjwa mapajani, akauliza: “Jamani, hizi pesa za barabara huwa ziko wapi?” Mmoja akasema ziko kwa gavana. Mwingine akasema kwa mbunge. Wa tatu akacheka, akasema zimeshaliwa.

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo nimesoma sheria zinazohusika, na jibu nililopata naliweka hapa, kwa sababu mvua itarudi na swali litaulizwa tena.

Kwanza tujue barabara ni ya nani. Barabara ya Garsen hadi Lamu, ile ya Mombasa hadi Malindi, na ile ya Madogo kuingia Garissa ni barabara kuu za kitaifa. Mwenye jukumu ni KeNHA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na wenzake KeRRA wa mashambani na KURA wa mijini. Barabara ndogo za vijijini ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo daraja la Mbogolo lilipoharibiwa na mvua ya Novemba ileile na safari za Malindi zikakwama, waliokwenda kumpigia gavana kelele walikuwa wamebisha mlango usio wao. Gavana anaweza kupiga simu Nairobi, lakini hundi si yake.

Upande wa vivuko mambo yamechanganyika zaidi. Jedwali la Nne la Katiba linaitaja feri miongoni mwa kazi za kaunti. Hata hivyo feri za Likoni ziko chini ya Halmashauri ya Bandari, ambayo ni shirika la serikali ya kitaifa. Mzozo wa nani alipaswa kuzichukua nauacha, maana hautaisha leo.

Sasa pesa. Fungu la kwanza ni lile tunalolichangia wenyewe kila tunapotia mafuta. Ushuru wa matengenezo ya barabara ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kwa miaka mingi ulikuwa shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Matatu ikijaza lita 20, shilingi 500 zimekwenda kwenye mfuko huo, na abiria ndiye aliyezilipa ndani ya nauli. Bodi ya Barabara ndiyo inayozigawa: KeNHA hupata fungu kubwa, kisha KeRRA, KURA na wengine. Kaunti na wabunge wamevutana hadi mahakamani juu ya nani ale fungu la kaunti.

Mwaka 2025 serikali iliamua kwamba shilingi 7 kati ya zile 25 ziwe dhamana ya kukopa pesa za kuwalipa wakandarasi waliodai kwa miaka mingi. Sina ugomvi na mkandarasi kulipwa jasho lake. Ila hesabu ni nyepesi: kwenye zile shilingi 500 za matatu yetu, 140 zilitengwa kwa uamuzi huo kulipia kazi ya jana. Zinazobaki ndizo za kuziba mashimo, kufyeka kando ya barabara, kuzibua karavati na kurudisha daraja lililoondoka na maji. Mvua ikizidi, kazi hizo zote hunyang’anyana mkate mmoja.

Fungu la pili ni la dharura, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Katiba, kifungu cha 208, imeweka Hazina ya Dharura ya taifa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inasema hazina hiyo isizidi shilingi bilioni 10. Waziri wa Fedha anaweza kutoa pesa humo kabla ya kupata kibali cha Bunge, kisha akakiomba katika muda wa miezi miwili. Kaunti nazo zimeruhusiwa kuwa na hazina kama hiyo, na matumizi yake kwa mwaka hayaruhusiwi kupita asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti ya mwaka uliotangulia, kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa. Kwa kaunti yenye mapato madogo kama Lamu, asilimia 2 hiyo ikishanunua chakula, mahema na dawa za waliofurikiwa, haibaki ya kuinua hata kilomita moja ya barabara.

Lakini udogo si kikwazo kikubwa. Kikwazo kiko katika maneno ya sheria yenyewe. Pesa za dharura ni za jambo la haraka ambalo halikutarajiwa. Sasa niambie, mkaaji wa Tana Delta, mafuriko ya Mto Tana hayakutarajiwa na nani? Mabwawa ya huko juu, kuanzia Masinga, yakijaa hutapika, na watu wa Garissa na Tana River hupewa tahadhari mapema. Maji huchukua siku kadhaa kuteremka hadi Garsen. Mwaka 2023 Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilionya juu ya El Niño miezi kadhaa kabla. Oktoba, Rais akatangaza kwamba wataalamu wamemweleza mvua haitafikia kiwango hicho. Mwezi uliofuata tulikuwa Minjila.

Kwa hiyo mafuriko haya yameanguka katikati ya mifuko miwili. Mfuko wa matengenezo umepangwa kana kwamba mwaka utakuwa mkavu. Mfuko wa dharura haufunguliwi mpaka maji yawe yameshapita juu ya lami. Kazi inayohitajika hasa, yaani kuinua tuta la barabara mahali panapojulikana kuzama, kuongeza karavati na kuzipanua, kujenga daraja ambapo leo kuna bomba tu, haina mfuko wake. Hufanywa ikitokea mradi mkubwa, au mkopo. Baada ya El Niño ya 1997 na 1998 tulikopa Benki ya Dunia ili kurekebisha yaliyobomoka. Mwaka 2018 tukachukua mpango mwingine wa benki hiyohiyo, wa dola milioni 200, ambao hufunguliwa janga likishatangazwa. Yote hayo ni pesa za baada ya msiba.

Na msiba si neno la kutia chumvi. Aprili 2024 barabara ya Madogo kwenda Garissa ilikuwa imezama tena. Watu wana wagonjwa, wana kazi, wana watoto wa shule, hawawezi kukaa ng’ambo wakingoja maji yapungue. Wakapanda boti kuvuka mahali ambapo siku nyingine hupita mabasi. Jumapili ya tarehe 28 boti moja ikapinduka Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji, juu ya barabara ya serikali.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Pwani hatulizungumzi vya kutosha. Usafiri wetu wa umma ni mali ya watu binafsi: matatu, basi, tuktuk, bodaboda, boti. Pesa za serikali zikija, huishia kwenye lami. Mwenye basi lililokaa siku nne Minjila, nahodha aliyesitisha safari kwa sababu ya bahari kuchafuka, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake imemezwa na maji, hao hawamo katika mfuko wowote kati ya hii niliyoitaja. Hujirudishia hasara yao kwa nauli, na ndiyo maana mvua ikinyesha nauli hupanda.

Wenzetu wa Marekani, ambako serikali ndiyo inayomiliki treni na mabasi mengi ya mijini, walifikia jambo moja la maana, nao walilifikia kwa kuchelewa. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilijaza maji ya chumvi kwenye njia za treni za chini ya ardhi mjini New York. Stesheni ya South Ferry, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 2009 tu, ilizama, na haikurudi kazini hadi 2017. Januari 2013 bunge lao likapitisha dola bilioni 10.9 kwa ajili ya usafiri wa umma ulioharibiwa. Sehemu ya pesa hizo ilitengwa isitumike kurudisha kilichokuwepo, bali kukinga kisiharibike tena: milango ya kuzuia maji, pampu, kuta. Mwaka 2021 sheria nyingine ikatenga mabilioni ya dola kwa kazi ya kukinga barabara na usafiri peke yake, bila kungoja janga litangazwe. Hatuna mabilioni hayo, na sisemi tuige kiasi. Nataka tuige ule mstari uliochorwa kati ya kurekebisha na kukinga, ili fungu la pili lisiliwe na la kwanza.

Kwetu mstari huo unaweza kudaiwa bila sheria mpya, kama tutajua tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufika kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Angalia jinsi tarehe hizo zinavyotupita: Aprili ndiyo masika yenyewe, sote tuko matopeni, na makadirio yameshaandikwa. Anayetaka karavati ya kijiji chake iingie kwenye bajeti aipeleke Julai au Agosti, wakati wa kusi, vumbi likiwa bado linatimka na hakuna anayewaza mafuriko. Aipeleke kwa maandishi, ataje mahali, ataje mwaka maji yalipopita, na aweke picha.

Kwa barabara kuu, kitabu cha kuangalia ni mpango wa kazi za barabara ambao Bodi ya Barabara hutoa kila mwaka. Humo kila barabara imetajwa na pesa zake. Ukiifungua Garsen–Lamu, usitazame jumla. Tazama kazi iliyoandikwa. Kama ni kufyeka na kuziba mashimo, basi Gamba haimo, hata kiwango kiwe kinono namna gani. Hapo ndipo pa kumuuliza mbunge wako, kwa sababu yeye ndiye anayeketi mahali bajeti ya taifa inapopitishwa, na maafisa wa KeNHA huitwa mbele ya kamati za Bunge kujibu.

Mama yule wa Minjila alivushwa kwa boti siku ya pili, mtoto amefungwa kwa leso kifuani. Nauli ya boti alilipa mwenyewe.