Selo Langoni mwa Kambi

Tunasoma katika Zaburi habari za mateka wa Babeli. Waliowateka waliwataka waimbe nyimbo za kwao, nao wakatundika vinubi vyao mitini. Katika karne ya 20 walikuwako mateka wengine ambao hawakuweza kutundika vyombo vyao, kwa maana kupiga ndiko kulikowatenga na kifo. Mmoja wao ni Anita Lasker-Wallfisch. Maisha yake yanatuuliza sisi tunaoimba kila Jumapili swali gumu: je, wimbo mzuri ni ushahidi wa moyo mwema?

Anita alizaliwa tarehe 17 Julai 1925 katika mji wa Breslau, Ujerumani, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Baba yake alikuwa mwanasheria na mama yake mpiga fidla. Walikuwa Wayahudi, ingawa hawakushika sana desturi za dini. Binti huyu alijifunza kupiga selo, ndugu mkubwa wa fidla, ambayo mpigaji huketi na kuishika katikati ya magoti.

Aprili 1942 wazazi wake walichukuliwa na Wanazi, wasirudi tena. Anita na dada yake Renate walipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Huko walighushi hati ili kuwasaidia mateka Wafaransa watoroke, kisha nao wakajaribu kutoroka, wakakamatwa na kufungwa gerezani. Desemba 1943 Anita alifikishwa Auschwitz. Alinyolewa nywele, akachanjwa namba 69388 mkononi. Mfungwa aliyekuwa akimhudumia alimuuliza alikuwa akifanya nini kabla ya vita. Akajibu kwamba alipiga selo. Jibu hilo lilimwokoa, kwa kuwa okestra ya wanawake ya kambini haikuwa na mpiga selo hata mmoja.

Renate alipofika baadaye, aliona viatu vya mdogo wake miguuni mwa mfungwa mwingine. Kwa kuuliza habari za viatu hivyo, akampata ndugu yake akiwa hai.

Okestra hiyo iliongozwa na Alma Rosé, mpiga fidla kutoka Vienna, mpwa wa mtunzi Gustav Mahler. Kila asubuhi na jioni ilipiga muziki wa gwaride langoni, wakati wafungwa walipotoka kwenda kazini na waliporudi. Alma alidai kila noti ipigwe sawasawa, akijua kwamba uhai wa wanawake wake ulitegemea ubora wa kazi yao. Yeye mwenyewe aliugua ghafla na kufa kambini Aprili 1944.

Siku moja daktari Josef Mengele, ambaye kwa ishara ya mkono aliwatuma watu kwenye vyumba vya gesi, aliingia akataka apigiwe kipande laini cha Schumann. Anita akakipiga. Mengele akasikiliza, akaondoka, akarudi kwenye kazi yake.

Hapa hatuna budi kusimama. Mtu yule alikuwa na sikio la muziki, wala muziki haukumgeuza. Nchi yake ilijaa makanisa, kwaya na vinanda, na wengi waliohudumu kambini walibatizwa na kulelewa katika nyimbo za ibada. Nabii Amosi alikwisha kuonya kwamba Mungu huchoshwa na kelele za nyimbo pale haki isipotendeka. Onyo hilo halikuwahusu Wajerumani peke yao. Kwaya yetu inaweza kuimba kwa sauti nne zilizopatana huku jirani akidhulumiwa nje ya mlango wa kanisa.

Mwishoni mwa 1944 Anita alihamishiwa Bergen-Belsen. Huko hapakuwa na okestra, bali njaa, homa na maiti zisizozikwa. Waingereza waliikomboa kambi hiyo tarehe 15 Aprili 1945, na mwaka huohuo alitoa ushahidi mahakamani mjini Lüneburg. Mwaka 1946 alihamia Uingereza. Akawa miongoni mwa waanzilishi wa English Chamber Orchestra, akapiga humo kwa miaka mingi. Aliolewa na mpiga piano Peter Wallfisch, na mwana wao Raphael naye ni mpiga selo.

Kwa muda mrefu hakusimulia yaliyompata, hata kwa watoto wake, wala hakutaka kukanyaga Ujerumani. Alirudi huko katika miaka ya 1990, akaanza kuzungumza na wanafunzi. Tarehe 31 Januari 2018 alihutubia Bunge la Ujerumani, akaeleza kwamba chuki ni sumu ambayo humdhuru yuleyule anayeibeba.

Hatutaki kumvika imani ambayo si yake. Wala hatuthubutu kusema kwamba Mungu alimwokoa kwa sababu ya kipawa, maana wenye vipawa wengi waliteketea pale, na watoto ambao vipawa vyao havikujulikana bado. Tunalojifunza ni dogo zaidi, nalo latutosha. Kipawa ni amana tu. Hakimtakasi mwenye kukitumia wala mwenye kukisikiliza. Kinachopimwa ni jinsi tunavyomtendea aliye mbele yetu wimbo unapokwisha. Basi Jumapili ijayo, tukishafunga vitabu vya nyimbo, tutazame ni nani amesimama langoni.